Neno Moja Kwenye Skrini ya Bluu

Jumatatu saa nne kasorobo asubuhi, kompyuta ya chumba cha kusomea ilianguka katikati ya sentensi. Usije ukadhani ilidondoka mezani. Ilikaa pale pale, nzito kama gunia la saruji, ila skrini iligeuka bluu tupu, maandishi meupe yakajipanga juu mpaka chini, halafu baada ya sekunde chache yakayeyuka. Mashine ikajizima, ikajiwasha yenyewe, kama mtu aliyezimia akazinduka akiuliza, "Enhe, tulikuwa wapi?" Na chochote ambacho hukuwa umekihifadhi, ndiyo basi tena.

Aliyekuwa akisoma ni Kimya. Si jina alilopewa na wazazi wake; alibandikwa akiwa darasa la tatu, likamganda mpaka sasa ana miaka ishirini na saba. Kimya alikuwa na haya za kupitiliza. Mezani alikula mchuzi usio na chumvi kwa sababu aliona tabu kuomba chumvi. Lakini mkalishe mbele ya maikrofoni, mbali na macho ya watu, umpe kitabu, utashangaa. Sauti ilimtoka laini na pana, kila neno limekaa mahali pake, mpaka msikilizaji akasahau kwamba anasomewa.

Na hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake. Shule ilikuwa ya watoto wasioona, na nyuma ya jengo la ofisi kulikuwa na chumba kidogo, kuta zimefunikwa magodoro ya zamani ili kelele zisiingie, maikrofoni imevishwa soksi ili isipulizwe na pumzi. Kimya alisoma vitabu humo ndani, akarekodi, akaihamishia sauti kwenye diski, ndiyo wanaita kuchoma, wanafunzi wakaenda kusikiliza. Feni aliizima akirekodi, maana ilikuwa inalia kama mbuzi. Kwa hiyo joto la chumba kile, we acha tu.

Pale shuleni palikuwa na desturi ambayo haikuandikwa popote, ila kila mtu aliifuata. Wewe unayeona, ukiwa na asiyeona, chochote unachokiona kimeandikwa unakisoma kwa sauti. Tangazo ukutani, unasoma. Lebo ya chupa ya dawa, unasoma. Kalenda, kopo la rangi, fulana ya mgeni, unasoma. Kimya alikuwa amezoea hivyo miaka minne, mpaka mdomo wake haukungoja ruhusa. Kwa hiyo hata skrini ilipogeuka bluu, mdomo ulisoma wenyewe, haraka haraka, kabla maandishi hayajapotea: namba, herufi, namba tena, jina la faili fulani, namba.

"Imekufa tena?" iliuliza sauti kutoka kwenye benchi la mlangoni.

"Imekufa."

"Poleni wafiwa. Sura ya ngapi?"

"Ya kumi na saba. Ukurasa wa tatu."

"Ijumaa pia ilikuwa ya kumi na saba, ukurasa wa tatu. Dada Kimya, hii historia yenu haisongi mbele? Wenzetu walishapata uhuru, sisi bado tuko ukurasa wa tatu!"

Huyo alikuwa Redio. Alikuwa msichana wa darasa la mtihani, asiyeona tangu kuzaliwa, na hakunyamaza ila akilala. Wenzake wa bwenini waliapa kwamba hata akilala. Kila kipindi kisicho na mwalimu alikuja kukaa kwenye benchi lile, mlango ukiwa wazi kidogo, akisubiri sura mpya kama mtu anayesubiri mkate utoke jikoni.

Kimya alicheka kidogo, lakini moyo ulikuwa mzito. Mtihani wa Historia ulikuwa Jumatatu inayofuata. Kitabu kilikuwa kipya, cha nukta nundu kilikuwa hakijafika na hakuna aliyejua kama kingefika. Wanafunzi kumi na mmoja wa darasa la mtihani walikuwa na sura kumi na sita tu masikioni mwao, zilizochomwa kabla ya shida kuanza. Zilibaki nne, na mwalimu wao alikuwa amewaambia wazi kwamba maswali mengi hutoka mwishoni mwa kitabu. Vile vicheza diski vyao vya zamani havikukubali kitu kingine isipokuwa diski. Na shule nzima kompyuta yenye mdomo wa kumeza diski na kuichoma ilikuwa hiyo hiyo moja. Ya ofisini ilikuwa nyembamba kama sahani, haina mdomo kabisa.

Wiki tatu kompyuta ya Kimya ilikuwa ikianguka. Wakati mwingine mara moja kwa siku, wakati mwingine mara sita. Hakuna aliyejua kwa nini.

Usiseme hawakumwita fundi. Walimwita mara tatu, na fundi mwenyewe alikuwa maarufu. Alikuwa na duka barabarani karibu na kituo cha mafuta, alivaa koti jeupe kama la hospitali, na watu walimwita Dokta. Mwenyewe alilipenda jina hilo kuliko la kwake. Lakini mgema akisifiwa, tembo hulitia maji.

Mara ya kwanza alifungua kava la kompyuta akasema ni vumbi. Akapuliza, wote wakapiga chafya, akaondoka. Mara ya pili akasema ni joto, akafunga feni nyingine ndani. Mara ya tatu akasema ni virusi, tena wale wabaya, akafuta kila kitu na kuanza upya kama nyumba iliyobomolewa mpaka msingi. Na kila alipomaliza, alichomoa mkobani diski yake ya fedha iliyoandikwa DAWA kwa kalamu nene, akaitumbukiza mdomoni mwa kompyuta, akabofya bofya, akasema, "Na hii ya kukazia." Kisha akanawa mikono, ati.

Kompyuta ilikaziwa mara tatu, na mara tatu ikaanguka kabla Dokta hajafika kwake.

Mchana wa Jumatatu hiyo hiyo, Mwalimu Mkuu alisimama mlangoni mwa chumba cha kusomea. Alikuwa mwanamke mrefu mwenye sauti ndogo, na alipoishusha zaidi ndipo walimu walipoanza kutetemeka.

"Mwanangu," alimwambia Kimya, "mzee aliyekuwa hapa kabla yako alikaa na kompyuta hii miaka sita. Haikuanguka hata siku moja. Unaigusaje wewe?"

Kimya alitaka kusema kwamba hata yeye alikaa nayo miaka minne bila kuanguka, na kwamba shida ilianza wiki tatu zilizopita. Alikuwa na maneno hayo yote, yamejipanga vizuri kifuani. Yalipofika kooni yakageuza njia.

"Naigusa vizuri tu, Mwalimu," akasema akiangalia viatu vyake.

"Alhamisi Dokta anakuja kuichukua aende nayo dukani kwake. Anasema itachukua wiki mbili."

"Wiki mbili! Mtihani je?"

Lakini hilo nalo alilisema moyoni tu. Mwalimu Mkuu alikuwa ameshaondoka.

Kimya aliishi na dada yake mkubwa, fundi cherehani, katika nyumba ambayo huwezi kukaa kiti bila kwanza kukagua kama kina pini. Jioni ile alifika, akajibwaga kwenye rundo la vitambaa, akaeleza yote. Kwa dada yake alikuwa anaongea. Dada alisikiliza huku mguu uko kwenye cherehani na pini tatu ziko mdomoni.

"Sasa huyo Dokta wenu," Dada alisema akitoa pini, "siku ile ya tatu alifuta kila kitu, akabadilisha kila kitu, siku moja?"

"Ndiyo."

"Basi hajui anachokitafuta. Mdogo wangu, sikiliza. Cherehani ikikata uzi, mjinga anabadilisha sindano, uzi, mafuta na mkanda kwa pamoja. Ikipona hajui kimeponya nini. Isipopona hajui kilichobaki. Mimi nabadilisha kimoja. Nashona. Naangalia. Halafu ndiyo kingine."

"Mimi si fundi, Dada."

"Na mimi nani alinifundisha? Uzi wenyewe ulinifundisha kwa kukatika. Hebu ondoka hapo, umekalia sketi ya watu."

Jumanne Kimya alikwenda kazini na daftari jipya. Alianza na kitu kimoja: alichomoa maikrofoni. Kompyuta ikaanguka saa tatu. Akairudisha maikrofoni, akachomoa feni ya Dokta. Ikaanguka saa nne na nusu. Kila ilipoanguka alisoma maandishi ya bluu kwa sauti kama kawaida yake, na Redio kwenye benchi akaitikia "Amina."

Saa tano Redio alikuja na shida. "Dada Kimya, tunafanya mazoezi ya wimbo wa shule na yule wa sauti ya tatu anaimba kama feni yako. Naomba ile diski ya wimbo tumsikilizishe."

Diski ya wimbo wa shule ilikaa mdomoni mwa kompyuta siku zote. Ilikuwa amri ya yule mzee aliyestaafu: mdomo usiachwe mtupu, ukiachwa mtupu unaingia vumbi na mende. Ukichoma kitabu unaitoa, ukimaliza unairudisha. Kimya aliifuata amri hiyo kama alivyofuata amri zote. Akabonyeza kitufe, ulimi wa kompyuta ukatoka, akampa Redio diski, akaendelea kusoma.

Akasoma sura ya kumi na saba, ukurasa wa tatu. Wa nne. Wa tano. Jasho lilimtiririka, hakufuta. Akamaliza sura nzima, akaingia ya kumi na nane. Alipoinua kichwa, kengele ya chakula ilikuwa inalia na hakuwa ameanguka. Yaani kompyuta haikuwa imeanguka. Saa mbili nzima!

Alikaa akiitazama. Hakuthubutu hata kuisifu, isije ikajisikia.

Redio alirudi akipapasa ukuta, amebeba diski kifuani. "Ahsante. Hajajifunza lolote, lakini tumejaribu."

Kimya aliirudisha diski mdomoni, kwa mazoea tu. Ulimi ukaingia. Kitu ndani kikaanza kuzunguka, vuuu, kikatulia, kikazunguka tena. Skrini ikageuka bluu.

Mdomo wake ukaanza kusoma. Namba, herufi, namba, "o, d, v, x, saba, nukta, s, y, s," namba...

"O, d, v, x, saba," Redio alisema naye kwa pamoja, kama anaitikia wimbo.

Kimya akageuka. "Umesemaje?"

"Nimesema nini? Si hilo neno lako? Kila ikifa unalisoma. Namba zako zinabadilika kila siku, siwezi kuzishika, lakini hilo halibadiliki. Ijumaa lilikuwepo. Jana lilikuwepo. Leo asubuhi mara mbili. Mimi nilijua ndilo jina la ugonjwa."

Kimya alisimama, akakaa, akasimama tena. Miaka minne alisoma kila kitu kwa ajili ya wengine, na wiki tatu alisoma maandishi yale bila kuyasikiliza hata mara moja. Aliyeyasikiliza ni yule asiyeyaona.

"Redio," akasema polepole, "wewe ni mtu wa maana sana."

"Hilo najua. Chakula kinapoa."

Hakuna aliyekwenda kula. Kimya aliitoa diski, akaandika kwenye daftari: mdomo mtupu, saa mbili, salama. Diski ndani, imeanguka palepale. Neno lile lile. Kisha akaanza kupekua kompyuta mahali ambapo vifaa vyake vyote vimeorodheshwa, akisoma kwa sauti, Redio amekaa karibu naye sasa, ametega sikio.

Kila kifaa cha kompyuta kina kijiprogramu chake kinachokisemea, ndiyo mafundi wanaita draiva. Maikrofoni ina msemaji wake, skrini ina wa kwake. Ukikipa kifaa msemaji asiye wake, ni kama umeipa harusi yako mshereheshaji wa msibani. Kimya alifika kwenye mdomo wa diski, akafungua, akasoma jina la faili la draiva yake.

"O. D. V. X. Saba."

Redio alipiga kofi moja la nguvu. Kimya aliendelea kusoma. Draiva ile iliingizwa mara ya mwisho siku ile ile Dokta alipofuta kila kitu. Na ilitengenezwa kwa mdomo wa aina nyingine kabisa, si huu wa kwao.

Kimya alifumba macho akapiga hesabu ya siku. Mwezi uliopita Dokta alikuja kusafisha kibodi tu, akasema, "Nikiwa hapa hapa, ngoja niwawekee draiva mpya ya mdomo, bure, zawadi." Akatoa diski ya fedha. Siku mbili baadaye kompyuta ikaanguka kwa mara ya kwanza. Kila alipokuja kutibu, alimaliza kwa kumrudishia mgonjwa sumu ile ile, na kukazia.

"Sasa itoe!" Redio alisema.

Kimya alibofya kuitoa. Kompyuta ikamuuliza neno la siri la msimamizi. Neno hilo alikuwa nalo mtu mmoja tu duniani, na mtu huyo alivaa koti jeupe.

"Basi utamwambia Alhamisi," Redio alisema. "Mbele ya Mwalimu Mkuu."

Kimya aliandika "Alhamisi" kwenye daftari, akalifunga.

Jumatano alisoma mchana kutwa, mdomo wa kompyuta ukiwa mtupu, mende waingie wakitaka. Alimaliza sura ya ishirini saa kumi jioni. Sura zote nne zilikuwa ndani ya mashine, salama. Lakini hazikuweza kutoka. Zingetoka kwa mdomo ule tu, na ukiugusa mashine inazimia. Ilikuwa kama kuwaona watu wana kiu, na maji unayo, ila kizibo hakifunguki.

Jioni alimwambia dada yake, "Labda niandike barua, nimpe Mwalimu Mkuu."

"Andika," Dada alisema. "Ataisoma wiki ijayo, mtihani ukiwa umeisha. Wewe si unaongea siku nzima humo chumbani?"

"Naongea na maikrofoni."

"Basi ongea na maikrofoni. Nani kakukataza?"

Alhamisi saa tatu Dokta aliingia na koti lake na kamba ya kufungia kompyuta. Mwalimu Mkuu alikuwa nyuma yake. Nyuma ya Mwalimu Mkuu, kwenye korido, walisimama wanafunzi kumi na mmoja wa darasa la mtihani, wameshikana mabega. Nani aliwaita? Redio alipoulizwa baadaye, alisema ni upepo.

"Dada yangu, pole," Dokta alisema akifungua kamba. "Hii mashine imezeeka. Nitaipeleka, nitaiangalia kwa nafasi. Sogea kidogo."

Kimya hakusogea. Aliona mkono wa Dokta unaufuata waya wa umeme, na hapo akafanya kitu cha ajabu. Aliikamata maikrofoni yenye soksi, ambayo hata haikuwashwa, akaivuta karibu na mdomo, akawageuzia watu wote mgongo, akatazama godoro la ukutani.

"Msiiguse," akasema.

Ilikuwa ile sauti ya vitabuni.

"Kompyuta hii haijazeeka. Haina vumbi wala virusi. Ina draiva mbaya ya mdomo wa diski. Mdomo ukiwa mtupu, hata siku nzima haianguki. Ukiwa na diski, kompyuta ikijaribu kuisoma, inaanguka. Nitaweka diski sasa hivi. Hesabuni. Hamtafika ishirini."

Dokta alicheka. "Mwalimu, huyu dada leo kaamka na mambo. Kompyuta si ramli."

"Weka," alisema Mwalimu Mkuu, kwa ile sauti ya kushuka.

Kimya aliweka diski ya wimbo wa shule. Ulimi ukaingia. Koridoni wanafunzi wakaanza kuhesabu kwa pamoja. "Moja! Mbili! Tatu!" Vuuu, kikazunguka. "Tisa! Kumi! Kumi na moja!" Kikatulia, kikazunguka tena. "Kumi na mbili!"

Bluu.

"Na sasa," Redio alipaza sauti kutoka mlangoni kabla Kimya hajafungua mdomo, "imeandikwa o, d, v, x, saba, nukta, s, y, s! Nani ana macho anithibitishie?"

Mwalimu Mkuu aliinama kwenye skrini, akasoma kwa kidole. Akanyanyuka polepole, akamtazama msichana asiyeona, kisha akamtazama Dokta.

"Bahati nasibu," Dokta alisema, ila sauti haikuwa na koti tena.

"Rudia," alisema Mwalimu Mkuu.

Ikawaka, ikarudiwa. Safari hii ilifika kumi na nne. Neno lilikuwa lile lile, na wanafunzi wote kumi na mmoja walilisema kwa sauti moja kama shairi la darasani.

Kimya akafungua orodha ya vifaa, akasoma jina la faili, akasoma tarehe, akasoma aina ya mdomo ambayo draiva ile ilitengenezewa. Hakuongeza neno la kulaumu. Alisoma tu, kama anavyosoma lebo. Dokta alisogea karibu, akatoa miwani, akatazama muda mrefu. Usimdharau, alijua kusoma alichokiona. Alitoa mkobani diski ya fedha, akaigeuza, akaangalia maandishi madogo ya pembeni ambayo hakuwahi kuyasoma.

"Aisee," akasema kwa kunong'ona. "Nisogezeeni kiti."

Akakaa. Akaandika neno la siri huku amelifunika kwa kiganja kama mtoto anayeficha majibu. Kisha akainuka, akampisha Kimya.

"Wewe ndiye uliyeugundua ugonjwa. Malizia."

Kimya alibofya. Draiva ya Dokta ikaondoka. Kompyuta ikawashwa upya, ikatafuta, ikajichagulia draiva yake yenyewe ya kawaida ambayo ilikuwa nayo tangu ilipozaliwa, na miaka yote iliwatosha. Kimya aliishika diski ya wimbo.

Ulimi ukaingia.

"Moja! Mbili! Tatu!"

Vuuu.

"Kumi! Kumi na moja!" Hapo sauti zikapungua kidogo. "Kumi na mbili." Kimya alikuwa ameshika kona ya meza. "Kumi na tatu. Kumi na nne. Kumi na tano!" Sauti zikaanza kupanda. "Kumi na tisa! Ishirini!"

Na walipofika ishirini na tatu, wimbo wa shule ukaanza kutoka kwenye spika.

Basi tena! Koridoni walidaka wimbo, waliouimba waliuimba, waliopiga makofi walipiga. Yule wa sauti ya tatu aliimba kama feni na hakuna aliyejali. Mwalimu Mkuu, mwanamke wa sauti ndogo, aliimba ubeti mzima mpaka mwalimu wa Hesabu akachungulia dirishani kuona kulikoni. Kimya alilaza paji la uso juu ya meza akacheka mpaka machozi yakatoka, bado maikrofoni iko mkononi.

"Mwanangu," Mwalimu Mkuu alimwambia, mkono begani. "Nilikuuliza unaigusaje. Nilikosa. Nisamehe." Alilisema mbele ya watu, bila kulimung'unya.

Dokta alikuwa bado ameishika DAWA yake. "Jamani," akasema, "hii nimeiweka kwenye kompyuta saba hapa mjini."

"Na zinaanguka?" Redio akauliza.

"Wananipigia simu kila wiki. Mimi nilidhani ni kwa sababu wananipenda!"

Alicheka mwenyewe kwanza, na hilo lilimpa heshima. Akaivunja diski vipande viwili kwenye goti, akamwomba Kimya daftari lake anakili hatua moja baada ya nyingine, na mchana huo huo akaanza kuzunguka mjini kuitoa dawa aliyokuwa ameigawa.

Kimya yeye alianza kuchoma. Diski ya kwanza ilitoka ya moto kama chapati. Akaipuliza, akaiandika jina kwa nukta nundu, akampa wa kwanza kwenye mstari. Ya pili. Ya tatu. Kompyuta haikukohoa hata kidogo. Kabla ya saa tisa wanafunzi kumi na mmoja walikuwa wamekaa chini ya madirisha, vicheza diski mapajani, masikio yamefunikwa, na kwa mara ya kwanza tangu shule ijengwe Redio alikuwa kimya.

Alirudi kwenye benchi Ijumaa mchana, amemaliza sura zote nne.

"Nimefika mwisho," alisema. "Kuna kitu kipya pale."

"Kipi?"

"Usijifanye. Kila kitabu chako kilikuwa kinaisha, 'Umesomewa na msomaji wa shule.' Hiki umesema jina lako lote. La kwako na la baba yako."

Kimya aliangalia viatu vyake, lakini alikuwa anatabasamu. "Nilirekodi upya mwisho ule jana, kabla ya kuchoma."

"Najua. Mlango ulikuwa wazi. Nyuma ya jina lako kuna watu wanaimba bado, na kuna mmoja anacheka vibaya sana, anaharibu."

"Huyo ni wewe."

"Basi usimfute," Redio akasema, akasogea kwenye benchi kumpa nafasi. "Haya, kaa. Niulize swali lolote la sura ya kumi na saba, kuanzia ukurasa wa tatu."